Kidole cha Pete Kina Wenyewe Wawili

Saa nane za usiku Bi mkubwa huwa macho. Simsikii akiamka, namsikia akikung'uta mkono. Utadhani anakung'uta kitambaa chenye mchanga, kumbe ni kiganja kitupu anachokipeperusha gizani mpaka vidole vimrudie. "Mkono wanifa, mwanangu," aliniambia usiku wa kwanza nilipotoka chumbani kumuuliza. Alikuwa ameshakaa na jambo hilo miezi mitatu bila kumwambia mtu.

Mama yangu anashona kofia za viua. Ameshona tangu hajaolewa, hapa hapa Wete, Pemba, na kofia moja ya maana humchukua wiki nyingi, kwa sababu kila kitundu hutobolewa kisha kikazungushiwa uzi kwa mkono. Sindano huishika kwa gumba na kidole cha shahada, kifundo cha mkono amekikunja, kichwa amekiinamisha, tangu alasiri hadi magharibi. Majirani walipopata habari kila mmoja alileta jibu lake. Mmoja alisema upepo. Mwingine alisema baridi ya kipupwe imemwingia. Wa tatu, ambaye mimi namwogopa kidogo, alisema ni jicho la mtu aliyeiona kofia ya sikukuu ikauzwa bei nzuri. Wote lakini walikutana kwenye neno moja: mshipa. Mshipa umemkaza.

Hili neno mshipa limetubebea mizigo mingi mno. Kipitishacho damu ni mshipa. Kipitishacho hisia ni mshipa. Ule uzi mgumu unaotokeza nyuma ya kisigino, ambao jina lake ni kano, nao watu huuita mshipa. Mwenye ngiri ana mshipa, mwenye busha ana mshipa, na asiyejua kuona haya hana mshipa wa aibu. Kwa hiyo mtu akikwambia mshipa umemkaza amekwambia kitu, na hajakwambia kitu. Mimi nafundisha baiolojia sekondari, na somo la mishipa ya fahamu nalifundisha kwa Kiingereza. Wanafunzi wangu huchora neva, ndiyo hiyo mishipa ya fahamu, vizuri sana kwenye karatasi ya mtihani, halafu wakirudi nyumbani bibi akilalamika mguu nao husema mshipa. Siwalaumu. Hata mimi mama aliponiambia mkono wamfa nilimjibu, "Ni mshipa huo, Mama, utapoa."

Nilipaswa kumuuliza swali moja tu: kidole gani?

Mshipa wa fahamu ukiukata na kuutazama hauoni mrija kama ule wa damu. Unaona kamba. Aliyewahi kukaa na kina mama wakisokota makumbi yaliyotoka kufukuliwa pwani atalielewa hili upesi kuliko mwanafunzi wangu yeyote. Usumba mmoja mmoja ni mwembamba, haufungi hata kuku. Usumba mwingi ukisokotwa unakuwa uzi, na nyuzi zikisokotwa pamoja zinakuwa kamba ya kufungia ngalawa. Neva nayo ni hivyo. Kila unyuzi una ganda lake jembamba, kila fungu la nyuzi lina ganda lake, na kamba nzima ina ganda la nje. Iliyo nene kuliko zote mwilini ni ile inayotoka kiunoni, ikapita takoni, ikashuka nyuma ya paja. Unene wake hukaribia kidole. Iliyo nyembamba haionekani bila darubini.

Ndani ya kamba moja nyuzi hazifanani mwendo. Zile zilizofungwa mafuta vizuri hukimbiza habari hadi mita 120 kwa sekunde, kwa sababu umeme wake hauendi hatua kwa hatua, bali huruka kutoka pengo moja la mafuta hadi jingine. Zile zisizo na mafuta huenda mita moja hivi kwa sekunde, mwendo wa mzee anayetoka msikitini. Ndiyo maana ukijigonga kidole cha mguu kwenye kizingiti, kwanza unajua kwamba umejigonga. Kuna kimya kifupi hapo, unapata hata nafasi ya kusema "Yallah!", kisha maumivu yenyewe ndiyo yanawasili. Habari zile mbili ziliondoka pamoja, ila moja ilipanda gari na nyingine imekuja kwa miguu.

Kamba zote hizi chimbuko lake ni ugwe wa mgongo, ule uzi mnene unaoshuka kutoka kwenye ubongo ndani ya pingili za uti. Hutoka jozi 31, kulia na kushoto: shingoni 8, kifuani 12, kiunoni 5, chini ya kiuno 5, na moja kwenye kifandugu. Shingo ina pingili 7 lakini jozi 8, kwa kuwa ya kwanza hupita juu ya pingili ya kwanza. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayelikosa hilo. Kila neva huanza na mizizi miwili, na mizizi hiyo haifanyi kazi moja. Wa mbele hutoa amri kwenda kwenye misuli. Wa nyuma huingiza habari: moto, baridi, mguso, maumivu. Charles Bell wa Uingereza aliandika juu ya mizizi ya mbele mwaka 1811, na François Magendie wa Ufaransa akaonyesha kazi ya mizizi yote miwili mwaka 1822. Wawili hao waligombania ugunduzi kwa miaka, na wanyama waliopasuliwa wakiwa hai kwa ajili ya ugomvi ule walikuwa wengi. Sijui kwa nini kila nikifika hapo darasani sauti yangu hushuka. Mizizi miwili hiyo ikishaungana neva inakuwa njia ya kwenda na kurudi, na ndiyo sababu mtu neva yake ikiumia hupoteza mara nyingi vyote viwili, nguvu na hisia.

Mimi habari hii sikuifahamu kitabuni. Niliifahamu kwa ami yangu.

Nilikuwa darasa la tano, ulikuwa mwaka wa vuno kubwa, na sisi watoto tulishinda chini ya mikarafuu tukiokota zilizoanguka. Ami alikuwa kileleni, ngowe mkononi, akivuta tawi la mbali. Tawi la mkarafuu lina tabia mbaya: halikuonyi. Mwembe hulia kwanza, mkarafuu hukatika tu. Alianguka kwa mgongo kwenye shina. Watu wanne wakamkimbilia, wakamnyanyua, wakamkalisha kitako, wakampa maji. Walimpenda, wallahi walimpenda, na leo nikikumbuka namna walivyomkalisha mwili hunisisimka. Pingili zilizovunjika huweza kuukata ugwe pale pale unapomkunja mtu. Ilitakiwa aachwe chali, kisha kichwa, kiwiliwili na miguu vigeuzwe na kubebwa pamoja kama gogo, juu ya mlango au ubao.

Hospitali daktari alichukua pini. Alianza kumdunga unyayoni, polepole, akipanda. "Hapa, mzee?" "Sisikii." Goti. "Sisikii." Paja, nyonga, chini ya kitovu, "Sisikii." Juu kidogo ya kitovu ami akasema, "Hapo, naam." Daktari akachora mstari wa wino tumboni, akaenda upande wa pili, akaufuata vilevile. Mstari ulizunguka kiuno kama mkanda. Nilidhani anapima nguo.

Kumbe ngozi yetu imegawanywa vipande vipande kama ukili ulioungwa ukawa mkeka, na kila jozi ina kipande chake. Usawa wa chuchu ni wa jozi ya nne ya kifua. Kitovu ni cha jozi ya kumi. Gumba ni la jozi ya sita ya shingo, kidole kidogo cha mkono ni cha jozi ya nane. Daktari yule hakuhitaji kumpasua ami ili ajue ugwe umeumia wapi. Pini ya senti tano ilimwambia.

Wiki za mwanzo miguu ya ami ilikuwa kama nguo iliyoloa. Kisha, mwezi wa tatu hivi, bibi alikuwa akimtandikia shuka, akamgusa unyayo, na mguu ukaruka. Uliruka kweli, goti likajikunja. Bibi akapiga kigelegele. Nyumba ikajaa. Kila aliyeingia alimgusa unyayo, na kila alipoguswa mguu uliruka, na watu wakamshukuru Mungu, na fundi aliyekuwa akimchua kwa majani akaomba mbuzi wake, akapewa. Ami peke yake hakucheka. Alikuwa akiutazama mguu ule kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia chumbani bila kubisha hodi. "Siutikisi mimi," alisema. "Watikisika wenyewe."

Miaka baadaye, nikiwa chuoni, mwalimu alinigonga chini ya goti kwa kinyundo cha mpira na mguu wangu ukarusha teke. Akaeleza: kano imegongwa ikauvuta msuli, habari imetoka kwenye msuli, imeingia kwenye ugwe kwa mzizi wa nyuma, imetoka kwa mzizi wa mbele, na ubongo haukuulizwa. Nilitoka darasani nikakaa nje. Nilikuwa nimeupata mguu wa ami. Chini ya pale palipokatika, ugwe wake ulikuwa hai. Ulikuwa kama kijiji kilichokatikiwa na simu: watu wanaishi, wanapika, wanagombana, ila mjini hakuna ajuaye, na hakuna amri ifikayo. Na kwa kuwa hakuna wa kuwatuliza, kila kelele ndogo inakuwa fujo. Kuruka kule hakukuwa kupona. Kulikuwa ni dalili kwamba njia ya juu imekatika.

Ami aliishi miaka kumi na miwili barazani. Hakuuawa na mgongo, aliuawa na vidonda vya kulalia na mkojo. Sisi wenye hisia hujigeuza usiku mara nyingi bila kujua, kwa sababu ngozi iliyobanwa huleta mashtaka na mwili ukatii. Ngozi yake haikuwa na pa kushtaki. Na jozi za pili hadi ya nne za chini ya kiuno, zinazosimamia kibofu na haja kubwa, nazo zilikuwa ng'ambo ya mkato. Hayo yanatosha.

Ugwe ukikatika hauoti tena. Neva ya nje, ile kamba iliyokwisha kutoka kwenye uti, ina bahati kuliko huo: ikikatwa huweza kuota upya, kiasi cha milimita moja kwa siku, ikifuata ganda lake la zamani kama mtu anayefuata ujia wa shambani kwao. Kutoka kwenye kisukusuku hadi ncha za vidole ni zaidi ya mwaka wa kungoja, na msuli nao haungoji milele. Lakini inaota. Ningetamani watu wa kwetu walijue hili kabla ya kumwambia kila aliyepooza kidole kwamba basi, imeshaandikwa.

Kuna jambo jingine la mgongo ambalo kina mama wa hapa huliogopa, nalo ni sindano ya ganzi wakati wa kujifungua kwa upasuaji. Nimesikia mara ngapi: "Ile sindano ya uti wa mgongo huua nguvu." Ugwe wenyewe haufiki chini. Kwa mtu mzima huishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo imebaki mizizi tu, inaning'inia ndani ya maji kama ncha ya kamba iliyofumuka. Wataalamu waliiita mkia wa farasi. Sindano huchomwa chini ya ugwe, na ile mizizi husogea ikapisha.

Sindano niionayo ya kuogopwa ni nyingine, ile ya takoni. Ninaye mwanafunzi anayeburuza mguu wa kulia tangu utotoni, nyayo haiinuki, soli ya kiatu imelika upande mmoja. Alipokuwa mdogo aliumwa homa, akapelekwa mahali fulani, akachomwa katikati ya tako badala ya juu na nje, na dawa ikaingia kwenye kamba ile nene. Mama yake anasema alilia kilio kisichokuwa cha sindano. Mtoto mdogo huchomwa pajani, kwa mbele upande wa nje, tako hana bado. Jambo hili si gumu, na linanikasirisha kila asubuhi mtoto huyu anapoingia darasani.

Nirudi kwa Bi mkubwa.

Desemba 2009 nilikuwa Unguja, umeme ulipokatika kisiwa kizima ukarudi Machi. Mwenye nyumba wangu, usiku wa kwanza, alibadilisha glopu mbili. Hakuwa mjinga, glopu ndiyo iliyozimika mbele ya macho yake, basi alishughulikia glopu. Hitilafu ilikuwa kwenye njia ya waya unaoleta umeme kutoka bara. Nimemkumbuka sana mzee yule mwaka huu, kwa sababu sote nyumbani tulikuwa tukibadilisha glopu. Tulimchua mama vidole. Tulimpaka mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, kutoka kiwandani Wawi, na alipata nafuu ya dakika chache, maana mafuta ya karafuu yana kitu kiitwacho eujenoli ambacho hufifisha ncha za neva. Ndiyo maana yanafaa kwa jino: ncha inayouma iko pale pale unapopaka. Kwa mkono wa mama tulikuwa tukipaka mwisho wa njia. Akachomwa na zile sindano nyekundu za vitamini, ambazo siku hizi hupewa kila mwenye ganzi bila hata kuulizwa ganzi iko wapi.

Kidole gani? Nilimuuliza hatimaye, jioni moja, akiwa na kofia mapajani. "Vyote," alisema. Nikamwomba afumbe macho, nikachukua sindano yake mwenyewe, upande wa tundu. Gumba: butu. Shahada: butu. Cha kati: butu. Kidole kidogo: "Aa! Huko wanichoma." Kikabaki cha pete. Nilimgusa upande wa ndani, ulio jirani na kidole cha kati, akasema butu. Nikamgusa upande wa pili wa kidole hicho hicho. Akafumbua macho. "Hichi nusu chafa na nusu kizima?"

Nusu kwa nusu, kweli. Chanda chema huvikwa pete, lakini kina wenyewe wawili. Neva za mkono hutoka jozi ya tano ya shingo hadi ya kwanza ya kifua, zikafika chini ya mtulinga na kuelekea kwapani zikasukana, miyaa mitano ikiingia na kuchanganyika kama ukili, na zinatoka zikiwa kamba nyingine kabisa zenye nyuzi za mizizi tofauti. Kamba moja hupita nyuma ya kisukusuku, karibu sana na ngozi. Hiyo ndiyo ukigonga kisukusuku mlangoni hukupiga shoti hadi kidole kidogo. Inalisha kidole kidogo na nusu ya cha pete. Kamba nyingine hupita katikati ya mkono, ikaingia kiganjani kwa kupenya handaki jembamba kwenye kifundo, mifupa chini, utepe mgumu juu, na humo ndani inabanana na kano tisa za kukunja vidole. Hiyo inalisha gumba, shahada, cha kati, na nusu iliyobaki ya cha pete. Mpaka wao unapita katikati ya kidole, hauonekani, na mama yangu alikuwa ameubeba miaka sitini na mbili bila kuujua.

Kwa hiyo tatizo halikuwa vidoleni, lilikuwa kwenye lile handaki. Lingekuwa shingoni, lisingekigawa kidole cha pete katikati kwa usafi ule, na shingo yake inageuka bila maumivu. Lingekuwa sukari, lingeanzia miguuni, kwa kuwa sukari hula kwanza nyuzi ndefu, na hakuna ndefu kuliko zinazofika vidole vya mguu. Mwenye nayo huvukwa na ndara akatembea hatua kumi asijue. Nilimpeleka hata hivyo akapimwe sukari, maana mwenye sukari handaki hili pia humsumbua zaidi. Haikuwepo. Daktari alimkunja viganja, migongo ya mikono ikitazamana, akamwambia atulie dakika moja. Haikufika. "Yaanza," alisema mama. Akamgonga kwa ncha ya kidole katikati ya kifundo, na mama akaruta mkono.

Usiku ndio huwa mbaya kwa sababu mtu akilala hukunja kifundo chini ya shavu, na handaki linazidi kubana. Akapewa kibao cha kufunga usiku ili kifundo kinyooke. Akaambiwa msuli wa chini ya gumba bado haujalika, ila ukianza kubonyea asingoje, utepe ule utakatwa na neva ipate nafasi. Na akaambiwa apumzike kushona. Hapo alimtazama daktari kwa heshima zote, akasema, "Sawa, baba," na mimi nikajua hatapumzika.

Amepunguza. Anashona kidogo, anaweka chini, anakunjua mkono, anasema maneno yake, anaokota tena. Kibao alikidharau wiki ya kwanza, wiki ya pili akakivaa, na sasa hukitafuta kabla ya isha kama atafutavyo tasbihi. Usiku mwingine bado namsikia akikung'uta, lakini si kila usiku.

Kofia aliyokuwa akiishona miezi ile ya mwanzo, kabla hajasema, aliimaliza. Ukiishika mbali ni nzuri. Ukiileta karibu na taa unaona upande mmoja viua vimepanda juu, safu nne au tano, mahali ambapo vidole havikuwa vikiisikia sindano. Mteja alikuwa tayari kuichukua. Alimkatalia, akamshonea nyingine. Hiyo ninayo mimi, na huivaa Ijumaa.